Kutoka Mbiu ya Mgambo hadi Mtandao: Nani Amfikishie Mwananchi Mawasiliano?

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Hukaa pia katika namna watu wanavyopashana habari: nani huambiwa kwanza, nani huambiwa mwisho, na nani haambiwi kabisa. Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Usemi huo una maana ya juu, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, lakini unabeba pia kumbukumbu ya desturi moja kubwa. Mbiu haikuwa na kiingilio. Kila mwenye masikio aliisikia, tajiri kwa maskini, mwenyeji kwa mgeni, na aliyeisikia alijua kuwa ameitwa.

Leo habari nyingi zinazomhusu mwananchi hazipiti katika pembe ya nyati bali katika mtandao wa intaneti. Humo hutangazwa matokeo ya mitihani, nafasi za kazi, bei za mazao na amri za serikali. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limejadiliwa katika nchi nyingi, na ambalo kwetu lina uzito wa pekee: je, kumfikishia mwananchi mtandao ni kazi ya umma, au ni kazi ya wafanyabiashara? Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kwa neno moja. Yanakusudia kuitazama njia tuliyopita wenyewe katika Tanzania, kwa sababu swali hili si geni kwetu. Tumeliuliza juu ya redio, tukaliuliza juu ya simu, tukaliuliza hata juu ya maji, na kila mara historia imetuachia fundisho.

Redio na sanduku la shule

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965, nchi ikiwa huru, kazi hiyo ikawekwa chini ya serikali moja kwa moja kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huo chombo cha redio kilikuwa ghali, na betri zake zilikuwa ghali vilevile. Hata hivyo redio ilisikika na watu wengi kuliko idadi ya redio zenyewe, kwa kuwa haikusikilizwa chumbani. Ilisikilizwa barazani, kilabuni, dukani na chini ya mti. Mwenye redio alikuwa mmoja, wasikilizaji walikuwa mtaa mzima.

Serikali iliitambua desturi hiyo na kuitumia. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili. Baadaye, mwaka 1975, ikafuata Chakula ni Uhai. Inafaa kukumbuka jinsi kazi ile ilivyopangwa. Watu hawakuachiwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kilikuwa na kitabu cha kusoma kwa lugha nyepesi, na kilikuwa na jambo la kutenda baada ya kipindi kwisha: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Kwa maneno mengine, umma haukutoa chombo tu, bali ulitoa chombo, mtu na shabaha. Hilo ni fundisho la kwanza, na tutalirudia.

Barua nazo zilikuwa na desturi yake. Katika nchi yetu tarishi hakuwa na kawaida ya kwenda nyumba kwa nyumba vijijini. Barua ilifika katika sanduku la posta, na aghalabu sanduku hilo lilikuwa la shule, la misheni, la chama cha ushirika au la mwajiri fulani. Wanakijiji wengi waliandikiwa barua zao kwa anwani ya shule, na mwalimu akazigawa, na pengine akazisoma kwa niaba ya asiyejua kusoma. Sanduku lilikuwa moja, lakini siri zilizopita ndani yake zilikuwa za watu wengi. Mwalimu aliyezisoma na kunyamaza aliheshimiwa. Aliyezisoma na kuzitangaza alipoteza heshima yake. Huo ulikuwa mkataba usioandikwa, na uliwezekana kwa sababu mwalimu alijulikana na aliweza kuulizwa.

Udhaifu wa mkono mmoja

Ingekuwa si haki kusifu zama zile bila ya kutaja upungufu wake. Hadi mwaka 1977 posta na simu ziliendeshwa na shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ikaunda Shirika la Posta na Simu la kwake. Shirika hilo lilibeba mzigo mkubwa katika miaka migumu, miaka ya vita, ya mafuta ghali na ya uhaba wa fedha za kigeni. Lilifanya kazi, lakini halikuweza kufika mbali. Hata ilipofika miaka ya katikati ya 1990, laini za simu hazikufikia moja kwa kila watu mia. Aliyeomba simu mjini alisubiri. Wa kijijini hakuwa na haja ya kuomba, kwa kuwa nguzo hazikuelekea kwake.

Habari ya kompyuta ni ya kushangaza zaidi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine hizo zilitegemea wataalamu wa kigeni na vipuri vya kigeni, na kazi ya hesabu za serikali ikaingia katika matatizo hata ikabidi kurudia kalamu na daftari. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Sababu zake zilieleweka: fedha za kigeni zilikuwa chache, na nchi haikutaka kuwa mtumwa wa mitambo isiyoweza kuitengeneza. Lakini zuio liliendelea kwa miaka mingi, na wakati linalegezwa kizazi kizima cha makarani, wahasibu na walimu kilikuwa kimekwisha kustaafu bila ya kuigusa kompyuta. Pale ambapo mlango ni mmoja na ufunguo ni mmoja, mwenye ufunguo akikosea, nyumba nzima hukaa gizani. Hilo ni fundisho la pili.

Zama za duka

Sheria ya mwaka 1993 ililigawa shirika la zamani. Kuanzia mwaka 1994 posta ikawa na shirika lake, simu zikawa na kampuni yake, na tume ikaundwa kusimamia mawasiliano. Mwaka huohuo simu ya kwanza ya mkononi ikaanza kulia Dar es Salaam kwa mtaji wa watu binafsi, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2001 hata kampuni ya simu ya taifa iliuza asilimia 35 ya hisa zake kwa wawekezaji kutoka nje. Asilimia hizo zilirudi mikononi mwa serikali mwaka 2016, na sheria ya mwaka 2017 ikaigeuza kampuni hiyo kuwa shirika la umma tena. Hivyo katika muda wa miaka ishirini na minne tuliivua kanzu, tukaivaa, na kuipeleka kwa fundi katikati ya safari. Anayetaka kujua kuwa swali la umma na binafsi halina jibu la milele, na atazame safari hiyo.

Katika miaka hiyo ndipo ilipoingia migahawa ya intaneti. Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji mingine ikajaa vyumba vidogo vyenye kompyuta zilizopangwa kama madawati, na mteja akilipa kwa saa au nusu saa. Haifai kuidharau migahawa hiyo. Vijana wengi waligusa kompyuta kwa mara ya kwanza humo. Barua pepe ya kwanza kwenda kwa ndugu aliyeko ng'ambo iliandikwa humo, kwa kidole kimoja, huku saa ya ukutani ikitazamwa kwa wasiwasi. Wenye migahawa hawakungoja mpango wa miaka mitano. Waliona haja, wakakopa, wakafungua mlango.

Lakini mfanyabiashara hufuata wateja kama nyuki anavyofuata maua, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mgahawa ulistawi palipokuwa na umeme, laini ya simu na watu wenye fedha mfukoni. Hadi mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti kuunganika na ulimwengu, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Kisha simu za kisasa za mkononi zikaenea, na mteja akaanza kuubeba mgahawa mfukoni. Kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye migahawa kuweka kamera na masharti mengine, jambo lililoongeza gharama za biashara iliyokwisha kuanza kupungukiwa. Mingi ikafungwa. Ilipofungwa, hapakuwa na mkutano wa kijiji uliouliza kwa nini, kwa sababu haikuwa mali ya kijiji. Biashara huja bila ya kuitwa, na huondoka bila ya kuaga. Hilo ni fundisho la tatu.

Sengerema

Wakati migahawa ikienea mijini, jaribio la aina nyingine lilifanywa ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria. Mwaka 2001 kilianzishwa kituo cha mawasiliano cha jamii huko Sengerema, mkoani Mwanza, mji ambao msafiri wake alilazimika kupanda kivuko hadi lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi mwaka 2025. Kituo hicho kilizaliwa kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulika na mawasiliano na elimu, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kampuni ya simu na halmashauri ya wilaya. Ndani yake mwananchi aliweza kupiga simu, kutuma faksi, kutoa nakala, kujifunza kompyuta na kuingia katika mtandao. Redio ya jamii nayo ikaungana na kazi hiyo, ili lililosomwa mtandaoni na wachache lisikike kwa wengi. Hapo lile fundisho la Mtu ni Afya lilipata mwili mpya.

Vituo vya namna hiyo vilianzishwa katika nchi nyingi za Afrika miaka ile, na vyote vilikutana na mitihani inayofanana. Umeme ulikatika. Ada ya setilaiti ilidaiwa kila mwezi bila ya kujali kama wateja wamekuja au la. Mashine ziliharibika, na fundi alikuwa mbali. Vijana waliofunzwa vizuri walipata kazi nzuri zaidi mjini wakaenda zao. Mfadhili alijenga kwa furaha, lakini mfadhili hutoa fedha ya kufungulia mlango, na ni nadra kutoa fedha ya kuufagia ukumbi mwaka wa kumi. Wahenga walionya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Vituo vilivyodumu ni vile ambavyo mtu fulani, awe wa halmashauri au wa jumuiya, alijua kwa hesabu kila senti iliyoingia na kila deni lililokuwa mlangoni.

Mkongo, mnara na kifurushi

Mwaka 2009 mkongo wa kwanza wa baharini ulifika pwani ya Dar es Salaam, ukiwa umejengwa kwa mtaji wa watu binafsi. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, uliomilikiwa kwa pamoja na makampuni ya simu ya nchi nyingi. Lakini mkongo wa baharini huishia pwani, na nchi yetu haiishii pwani. Serikali ilianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa nchi kavu kwa mkopo kutoka China, ukapita mikoani hadi mipakani. Mtaji wa watu binafsi uliuleta mtandao ufukoni, mkopo wa umma ukaubeba kwenda bara. Mwenye kudai kuwa upande mmoja ungetosha hana budi kueleza ni nani basi angeufikisha Kigoma.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, ilitungwa sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wazo lake ni jepesi: makampuni huchangia sehemu ya mapato yao, na mfuko huzipa ruzuku kampuni zinazokubali kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingejenga. Mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 kwa utaratibu wa ruzuku. Hiyo ni kazi kubwa, na wananchi waliokuwa wakipanda kichuguu au mti kutafuta mawimbi ya simu wanaijua thamani yake kuliko mwandishi yeyote.

Hata hivyo mnara si sawa na mtandao, kama bomba si sawa na maji. Mnara ukishasimama, mwananchi hununua kifurushi, na kifurushi huisha. Hesabu za miaka hii zinaonyesha zaidi ya laini milioni 40 zinazotumia intaneti, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini laini si mtu. Mtu mmoja huweza kuwa na laini mbili au tatu, na nyumba nzima huweza kutokuwa na hata moja yenye salio. Tena kusoma salamu katika simu ndogo ni jambo moja, na kujaza fomu ndefu, kuambatisha cheti na kuituma kabla ya saa sita ya usiku wa mwisho ni jambo jingine.

Dirisha limehama

Hapa tunafika kwenye kiini cha shauri. Zamani mwananchi aliyetaka huduma ya serikali alikwenda kwenye dirisha la ofisi. Dirisha lile huenda lilikuwa na foleni, huenda karani wake alikuwa na maneno makali, lakini kusimama mbele yake hakukuwa na ada. Siku hizi dirisha limehamia mtandaoni. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao. Anayeomba kazi serikalini huomba kwa mtandao. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa nako hufanywa kwa mtandao. Mabadiliko hayo yamepunguza safari na rushwa, na si haki kuyabeza.

Lakini serikali inapolihamisha dirisha lake, njia ya kuliendea hugeuka kuwa barabara ya umma. Nani anaitengeneza barabara hiyo leo? Katika miji midogo ya wilaya, anayeitengeneza ni mwenye duka la steshenari. Kijana hutoka kijijini asubuhi na vyeti vyake katika bahasha, akaketi kwenye benchi, na kijana mwenzake aliye nyuma ya kompyuta akamjazia fomu kwa malipo. Huyo ndiye aliyerithi kazi ya mwalimu wa sanduku la posta. Anajua jina la mama wa mwombaji, namba ya kitambulisho, na neno la siri ambalo amelibuni yeye mwenyewe na kulihifadhi katika daftari lake. Wengi wa watu hawa ni waaminifu na wenye huruma. Lakini hawakula kiapo, hawana mkubwa wa kuulizwa, na wakikosea tarakimu moja mwombaji hupoteza mwaka wa masomo bila ya kujua kosa lilikuwa wapi. Hakuna anayestahili lawama kwa kulijaza pengo. Linalostahili kutazamwa ni pengo lenyewe.

Njia ya watu wenyewe

Mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba pande ni mbili tu, serikali na duka. Historia yetu inao upande wa tatu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha muungano wao wa ushirika mwaka 1933, na wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa, Sengerema ikiwemo, walikuwa na ushirika wenye nguvu kabla ya uhuru. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuzikabidhi kazi zao kwa mashirika ya umma; mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kuvirudisha. Vilirudi, lakini mazoea ya wanachama kukagua hesabu zao na kumwondoa kiongozi mbaya hayarudi kwa sheria peke yake.

Maji nayo yanatufundisha vivyo hivyo. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea shabaha ya kumpatia kila mwananchi maji katika umbali wa mita 400 ifikapo mwaka 1991. Shabaha ilikuwa njema, na miradi mingi ilijengwa, lakini mwingi kati ya miradi hiyo ulinyamaza pampu ilipoharibika, kwa kuwa mwenye kuitengeneza alikuwa mbali na waliokuwa karibu hawakuambiwa kuwa ni yao. Ndipo zikaja jumuiya za watumia maji, zenye kamati, mfuko na fundi wao. Katika mtandao pia mwanzo umekwisha kuonekana: huko Kondoa, wilaya ijulikanayo kwa michoro yake ya miambani, umeundwa mtandao wa jamii kwa msaada wa wataalamu wa chuo kikuu. Ni mche mchanga, lakini umepandwa katika udongo tunaoujua.

Hitimisho

Tukiyakusanya mafundisho haya, tunaona kuwa swali la nani ajenge si kubwa kama linavyodhaniwa. Mtaji binafsi umejenga, mkopo wa umma umejenga, mfadhili amejenga. Maswali makubwa ni mawili: nani atunze baada ya utepe kukatwa, na nani aulizwe mambo yakiharibika. Mfanyabiashara hutunza maadamu anapata faida. Ofisi ya umma huulizwa, lakini aghalabu huulizwa na walio juu yake kuliko walio mbele yake. Jumuiya hutunza na kuulizwa, lakini haina fedha ya mkongo wala ya mnara.

Kwa hiyo kila mmoja apewe sehemu anayoiweza. Mkongo, minara na sheria ya haki katika bei ni mzigo wa taifa pamoja na makampuni. Mahali pa kuketi, mwananchi akafungue dirisha la serikali yake bila ya kulipa, ni wajibu wa umma, na majengo yake tayari yapo: maktaba, ambazo zilipata bodi yake kwa sheria ya mwaka 1963 na jengo lake kuu Dar es Salaam mwaka 1967, ofisi za posta, ambazo katika baadhi ya mikoa zimeanza kuweka huduma mbalimbali za serikali chini ya paa moja, shule na ofisi za kata. Na usimamizi wa kila siku, pamoja na daftari la hesabu linalosomwa hadharani, uwe wa watu wa mahali pale.

Tena pasikosekane mtu. Kompyuta kumi bila ya mwelekezaji ni kama redio bila ya kikundi. Awekwe kijana aliyefunzwa, alipwe mshahara, ale kiapo cha kutunza siri kama mwalimu wa sanduku la posta alivyoitunza kwa heshima yake, na jina lake libandikwe mlangoni ili ajulikane na aulizwe. Hilo halihitaji ugunduzi mpya wala mgeni wa kutufundisha, kwani tulikwisha kulifanya mwaka 1973 kwa redio za betri.